Mbwa Koko wa Moscow na Njia ya Angani, 1951–1966

Historia ya safari za angani huandikwa zaidi kama historia ya roketi na ya mataifa mawili makubwa yaliyoshindana kuzirusha, na katika maandishi ya namna hiyo mbwa hutokea ukurasa mmoja, huwekewa picha, kisha husahauliwa. Hata hivyo, kwa takriban miaka kumi kabla ya Yuri Gagarin kuizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961, karibu kila swali ambalo madaktari wa Umoja wa Kisovieti walijiuliza juu ya mwili wa binadamu huko juu, kama utastahimili mtikisiko wa roketi inapopaa, kama moyo utaendelea kupiga uzito unapopotea, kama parachuti itafunguka na aliyemo atatoka mzima, lilijibiwa kwanza na mbwa. Wala hawakuwa mbwa wa ukoo wenye hati za nasaba. Walikuwa mbwa koko, yaani mbwa wasio na mwenyewe, waliookotwa katika vichochoro vya Moscow, mji ambao hadi siku hiyo haukuwa na haja nao.

Magazeti ya wakati ule yaliwasifu kwa ujasiri, ingawa ujasiri ni wa anayeijua hatari, na mbwa hawa hawakujua walikokuwa wakipelekwa. Sifa iliyowafaa wahandisi ilikuwa nyingine: mbwa aliyezoeana na mtu hukubali kufungwa mikanda, kuvalishwa nguo ngeni na kufungiwa ndani ya kopo la chuma, kwa sababu tu mkono unaomweka humo ndio uliomlisha jana. Imani hiyo ilijengwa kwa makusudi, ikapimwa, ikatumiwa kama kinavyotumiwa kifaa chochote cha maabara, na waliokuja kusumbuliwa nayo kwanza ni walewale walioijenga.

Mazoea ya Warusi ya kumchunguza mbwa yalikuwa ya zamani kuliko roketi. Ivan Pavlov, bingwa wa fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa viungo vya mwili, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa umeng'enyaji wa chakula, aliwaachia wanafunzi wake njia ya kazi iliyotofautiana na ile ya kumpasua mnyama mara moja na kumtupa. Mbwa wake alifanyiwa upasuaji kwa usafi uleule anaofanyiwa mgonjwa hospitalini, akauguzwa hadi akapona, kisha akaishi maabarani miezi au miaka, akichunguzwa akiwa macho, mwenye afya, na mwenye kumfahamu anayemchunguza. Mwaka 1935 sanamu ya mbwa ilisimamishwa katika uwanja wa Taasisi ya Tiba ya Majaribio huko Leningrad, mahali Pavlov alipofanyia kazi, na jambo hilo lenyewe linaonyesha jinsi wasomi wa Kirusi walivyokwisha kumweka mbwa katika nafasi isiyo ya kawaida, kati ya kifaa na mwenzi.

Kwa hiyo Sergei Korolev, mhandisi mkuu wa roketi za Kisovieti, alipomtaka daktari Vladimir Yazdovsky wa Taasisi ya Tiba ya Urubani aanzishe utafiti wa viumbe hai ndani ya roketi, mwishoni mwa miaka ya 1940, kumchagua mbwa hakukuhitaji mjadala mrefu. Wamarekani walikuwa wamekwisha kuanza na kima. Mmoja wao, Albert II, alifikishwa kimo cha kilomita 134 tarehe 14 Juni 1949, akafa roketi ilipogonga ardhi kwa kuwa parachuti haikufanya kazi. Kima hao walirushwa wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi, kwa sababu kima aliye macho ni mnyama wa papara, mwenye vidole vya kung'oa kila waya aliofungiwa, na kwa maoni ya madaktari wa Kisovieti alikuwa pia mwepesi wa kuugua na mgumu wa kufundishika. Lakini mnyama aliyelala hawezi kueleza hofu inafanya nini moyoni. Yazdovsky na wenzake walitaka kiumbe aliye macho na aliyetulia, na utulivu wa namna hiyo haupatikani kwa sindano.

Waliotumwa kuwatafuta mbwa hao, akiwemo Lyudmila Radkevich aliyekuwa miongoni mwa wasaidizi wa Yazdovsky, waliingia mitaani na tepu ya kupimia, kwa kuwa masharti yalikuwa makali na mengi yake yalitokana na ukubwa wa kichumba kilichokuwa kichwani mwa roketi. Mbwa hakutakiwa kuzidi kilo 6 au 7, wala kimo cha sentimita 35. Mwenye manyoya meupe au ya rangi hafifu alipendelewa, ili aonekane vizuri kwenye filamu iliyopigwa ndani ya kichumba chenye mwanga mdogo. Baada ya muda jike ndiye aliyechaguliwa karibu kila mara, kwa sababu dogo na la kawaida kabisa: hahitaji nafasi ya kuinua mguu anapokojoa, na vazi la kupokelea choo lilikuwa rahisi kumtengenezea. Kuhusu kwa nini awe koko, jibu lilikuwa kwamba mbwa aliyepita majira ya baridi ya Moscow bila nyumba na bila bakuli la chakula alikuwa amekwisha kuchujwa na njaa na theluji, ilhali mbwa wa kufugwa ndani angelegea mapema. Hoja hiyo ni ya kweli na ina ukatili wake, kwani dhiki ambayo mji ulimtwika mnyama iligeuzwa kuwa cheti cha kumpeleka kwenye dhiki kubwa zaidi.

Mafunzo yalifanyika katika jengo la taasisi hiyo lililokuwa Petrovsky Park, kitongoji cha Moscow, na yalikwenda kwa hatua ndogondogo. Mbwa alizoeshwa mikanda kwanza, kisha vazi, kisha kichumba. Kizimba chake kilipunguzwa ukubwa kidogo kidogo, hadi aliweza kukaa siku 20 mahali ambapo angeweza kusimama na kulala lakini si kujigeuza. Wengine walikataa kabisa kujisaidia wakiwa wamefungwa, na kazi ya kuwashawishi iliwachosha madaktari kuliko mambo mengi yaliyoonekana makubwa. Walipandishwa kwenye meza ya kutikisa, wakasikilizishwa ngurumo za injini, na wakazungushwa katika sentrifuji, yaani mashine yenye mkono mrefu unaomzungusha kiumbe kwa kasi hadi mwili wake uhisi uzito mkubwa kama ule unaoukandamiza roketi inapopaa. Chakula kilikuwa mchanganyiko wa chenga za mkate, unga wa nyama na mafuta ya ng'ombe, uliogandishwa pamoja na maji ukawa kama jeli, ili usielee na umtoshe mbwa kwa njaa na kiu kwa pamoja. Ili shinikizo la damu lipimwe bila kumchoma mbwa kila mara, madaktari walipasua ngozi ya shingo na kuuleta mshipa mkubwa wa damu karibu na nje, ukiwa umeviringwa kwa ngozi yake mwenyewe mithili ya kitanzi.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizo ambayo ingewezekana kwa nguvu tupu. Mnyama aliyeogopa hutoa vipimo vya hofu, na vipimo vya hofu vingeficha kile kilichotafutwa, yaani athari za safari yenyewe. Ndiyo maana kila mbwa alikuwa na jina, alitembezwa, alisemeshwa, alipapaswa baada ya zoezi; na ndiyo maana daktari aliyefanya kazi yake vizuri alijikuta, mwisho wa miezi kadhaa, ana mbwa anayemkimbilia mlangoni.

Tarehe 22 Julai 1951, katika kituo cha kurushia makombora cha Kapustin Yar, kusini mwa Urusi karibu na mto Volga, Dezik na Tsygan walirushwa ndani ya roketi ya R-1V, iliyotokana na kombora la Kijerumani la V-2, hadi kimo cha takriban kilomita 100, wakapitia dakika chache za kutokuwa na uzito, wakashuka kwa parachuti wakiwa hai. Wiki moja baadaye Dezik alirushwa tena, safari hii pamoja na mbwa aliyeitwa Lisa. Parachuti haikufunguka, na wote wawili wakafa. Anatoli Blagonravov, mwanataaluma aliyeongoza tume ya serikali ya majaribio hayo, aliamua Tsygan asirushwe tena, akamchukua nyumbani kwake Moscow. Uamuzi huo haukuwa na maana yoyote ya kisayansi, kwa kuwa mbwa aliyekwisha kuruka na kuzoea alikuwa na thamani zaidi kwa watafiti kuliko mgeni. Ndani ya siku chache tu tangu mbwa wa kwanza arushwe, mtu mwenye cheo kikubwa kabisa katika jaribio hilo alikuwa amemfuta mbwa mmoja kwenye orodha ya vifaa na kumwandika kwenye orodha ya jamaa zake.

Kisa cha mapema Septemba mwaka huohuo husimuliwa kwa kicheko, na kinastahili. Mbwa aliyeitwa Bolik, aliyekuwa tayari kwa safari, alichopoka na kutoweka nyikani muda mfupi kabla ya kurushwa, na watumishi, wakiogopa hasira ya Korolev, walimkamata mbwa koko mwingine aliyekuwa akizurura karibu na mabanda ya askari, wakampima, wakamwosha, wakamfunga mikanda, wakamrusha bila mafunzo yoyote. Alirudi mzima. Walimpa jina la ZIB, herufi za mwanzo za maneno ya Kirusi yenye maana ya "badala ya Bolik aliyetoweka". Korolev, badala ya kukasirika, alifurahi, kwani kama mbwa asiyejua lolote aliweza kuruka na kurudi salama, binadamu aliyefundishwa bila shaka angeweza. Mbwa mwingine, Smelaya, ambaye jina lake maana yake ni "jasiri", naye alitoroka siku moja kabla ya safari, lakini kesho yake alirudi mwenyewe kwa waliomlisha, akarushwa, akashuka salama. Kati ya watoro hao wawili, Smelaya ndiye anayesema mengi zaidi juu ya uhusiano huu.

Safari za aina hiyo, za kupanda moja kwa moja na kushuka bila kuizunguka dunia, ziliendelea muda wote wa miaka ya 1950, nyingi kwa siri. Mbwa mmoja, Otvazhnaya, alirushwa mara kadhaa, na tarehe 2 Julai 1959 alikwenda pamoja na mbwa mwenzake na sungura aliyeitwa Marfusha. Baadhi ya mbwa walikufa kwa parachuti kukwama au kwa hewa kuvuja, wengi walirudi. Yote hayo yangebaki katika majalada ya jeshi kama si kwa mbwa mmoja ambaye hakukusudiwa kurudi.

Setilaiti ya kwanza ya binadamu, Sputnik 1, ilirushwa tarehe 4 Oktoba 1957, na kishindo chake ulimwenguni kilimpendeza Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, kiasi kwamba alitaka kingine kabla ya maadhimisho ya miaka 40 ya Mapinduzi ya Urusi, tarehe 7 Novemba. Wahandisi walipewa chini ya wiki nne. Katika muda huo iliwezekana kujenga chombo cha kilo 508 chenye hewa, chakula, feni na vipimo, na kukifikisha katika mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia. Haikuwezekana kujenga namna ya kukirudisha, kwa kuwa ufundi wa kupenya angahewa kwa kasi hiyo bila kuungua ulikuwa haujapatikana. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Sputnik 2 ilijengwa bila ufuko, na kila aliyeshiriki kuijenga alilijua hilo tangu siku ya kwanza.

Waliofikishwa hatua ya mwisho walikuwa watatu. Albina alikuwa amekwisha kurushwa kwa roketi, na muda si mrefu alikuwa amezaa. Watumishi walimhurumia, akawekwa kuwa wa akiba. Mukha alitumiwa kujaribia vifaa ardhini. Aliyebaki alikuwa mbwa jike mdogo wa takriban kilo 6, mwenye umri unaokadiriwa kuwa miaka miwili au mitatu, aliyeitwa kwanza Kudryavka, kwa sababu ya manyoya yake ya kujikunja, kisha Laika, jina linalotokana na neno la Kirusi la kubweka. Kinyume cha jina lake, alisifiwa kwa upole na utulivu wake. Hapa hesabu ya mradi mzima inaonekana waziwazi: kadiri mbwa alivyokuwa msikivu na mwenye kuwaamini waliomzunguka, ndivyo alivyofaa zaidi kwa safari isiyo na marejeo, na kama Laika angekuwa mbwa wa kuuma watu, huenda angefia uzeeni.

Kabla ya kupelekwa kituoni, Yazdovsky alimchukua Laika nyumbani kwake akacheze na watoto wake, na baadaye aliandika kwamba alitaka kumfanyia jambo zuri kwa kuwa muda uliombakia ulikuwa mfupi. Mbwa aliwekwa ndani ya kichumba chake siku tatu kabla ya kurushwa, katika baridi kali ya nyika ya Kazakhstan, na bomba la hewa ya moto likaunganishwa ili asigande. Wahusika wamesimulia kwamba baada ya kichumba kufungwa walitafuta kisingizio cha kiufundi cha kufungua tundu dogo, wakapata ruhusa, na kupitia hapo wakampa maji ya kunywa. Maji hayo hayakuwa na kazi katika mpango wa safari, kwa sababu chakula chake kilikwisha kuwa na maji ya kutosha. Yalikuwa na kazi kwao.

Sputnik 2 iliruka tarehe 3 Novemba 1957. Telemetria, yaani utaratibu wa kupeleka vipimo ardhini kwa redio, ilionyesha kwamba mapigo ya moyo wa Laika, ambayo kabla ya hapo yalikuwa 103 kwa dakika, yalipanda hadi 240 roketi ilipokuwa ikipaa, na baada ya kuingia katika hali ya kutokuwa na uzito yalihitaji takriban saa tatu kurudi kama yalivyokuwa, muda uliozidi mara tatu ule uliopimwa baada ya majaribio ya ardhini. Alikula kidogo. Lakini sehemu ya roketi iliyopaswa kuachana na chombo haikuachana nacho, baadhi ya matandiko ya kuzuia joto yalichanika, na kichumba kikaanza kupata joto, likafika nyuzi 40 za Selsiasi. Kati ya saa ya tano na ya saba tangu kurushwa, dalili za uhai zilikoma. Chombo kilicho na maiti yake kiliendelea kuzunguka, kikaizunguka dunia mara 2,570, kikaungua katika angahewa tarehe 14 Aprili 1958.

Hayo hayakutangazwa. Serikali ilisema Laika aliishi siku kadhaa na kwamba alikufa bila maumivu, na toleo hilo lilishikiliwa kwa miaka 45, hadi Oktoba 2002, ambapo mwanasayansi Dimitri Malashenkov, katika kongamano la mambo ya anga lililofanyika Houston, Marekani, alieleza kwamba mbwa huyo alikufa kwa joto na taharuki saa chache baada ya kurushwa. Wakati wa safari yenyewe, hasira kubwa ilitokea Uingereza, ambako Ligi ya Taifa ya Kutetea Mbwa iliwaomba wafugaji wa mbwa wanyamaze dakika moja kila siku kwa ajili ya Laika. Nchini mwake alitukuzwa. Picha yake iliwekwa kwenye pakiti za sigara zilizoitwa kwa jina lake. Ni vigumu kusema ni upande upi ulimwona mbwa mwenyewe. Mmoja ulimgeuza shahidi wa ukatili wa wapinzani, mwingine shujaa wa dola, na katika picha zote mbili hayupo yule aliyecheza na watoto wa daktari.

Baada ya Laika hakuna mbwa wa Kisovieti aliyerushwa bila mpango wa kumrudisha, ingawa mpango si hakikisho. Tarehe 28 Julai 1960 Lisichka na Chaika waliangamia roketi yao ilipovunjika sekunde chache baada ya kuondoka. Boris Chertok, mmoja wa wahandisi wa karibu wa Korolev, amesimulia katika kumbukumbu zake jinsi mkuu wake, mtu aliyeogopwa na watumishi kwa ukali, alivyompenda Lisichka, mbwa mwekundu na mpole, na jinsi siku za maandalizi alivyompakata na kumnong'oneza kwamba anataka sana arudi. Ajali hiyo ilichochea kazi ya kumtengenezea mwanaanga njia ya kuokoka hata roketi ikiharibika mapema, na kwa maana hiyo mbwa hao wawili wana sehemu katika usalama wa kila aliyeruka baadaye.

Wiki tatu baadaye, tarehe 19 Agosti 1960, waliruka Belka na Strelka, pamoja na panya, nzi na mimea, na kesho yake wakashuka salama, wakiwa mbwa wa kwanza kuizunguka dunia na kurudi. Katika picha za televisheni zilizotumwa kutoka chomboni walionekana kwanza kimya kama waliokufa, halafu wakaanza kujongea. Katika mzunguko wa nne Belka alihangaika na kutapika. Tapishi hilo lilibadili historia kuliko hotuba nyingi, kwa kuwa madaktari, wasiojua kama binadamu angepatwa na jambo hilohilo, walishauri safari ya kwanza ya mtu isizidi mzunguko mmoja. Gagarin alikaa juu dakika 108.

Strelka baadaye alizaa watoto sita, na mmoja wao, Pushinka, jina lenye maana ya unyoya laini, alipelekwa mwaka 1961 Ikulu ya Marekani kama zawadi ya Khrushchev kwa familia ya Rais John F. Kennedy. Maofisa wa usalama walimchunguza kwa hofu kwamba huenda alifichwa kinasa sauti mwilini, wasikione. Pushinka akazaa na Charlie, mbwa wa familia hiyo, mwaka 1963, miezi michache tu baada ya nchi hizo mbili kukaribia vita vya nyuklia kwa sababu ya Cuba, na watoto wao wanne wakawa mzaha wa Rais mwenyewe. Belka na Strelka waliishi hadi kufa kwa uzee, na miili yao, iliyokaushwa na kuhifadhiwa, imewekwa katika jumba la makumbusho ya safari za anga mjini Moscow, ambako watoto wa shule hupelekwa kuwaona.

Majaribio mengine yanaweza kupitiwa haraka. Tarehe 1 Desemba 1960 Pchyolka na Mushka walipotea chombo chao kilipokosea njia ya kurudi na kuharibiwa kisije kikaangukia mikononi mwa wageni. Machi 1961 Chernushka na kisha Zvyozdochka waliruka mzunguko mmoja mmoja wakirudi salama, kila mmoja pamoja na sanamu ya mtu iliyoitwa Ivan Ivanovich, na jina la Zvyozdochka, "nyota ndogo", alipewa na Gagarin, aliyekuwa akisubiri zamu yake. Safari ya mwisho ilikuwa ya Veterok na Ugolyok, waliokaa angani siku 22 mwaka 1966, kuanzia tarehe 22 Februari, muda ambao binadamu hakuupita hadi mwaka 1971. Walirudi wamepungukiwa maji na misuli, wakiyumba kila walipojaribu kusimama, na madini ya mifupa yao yakiwa yamepungua. Maarifa hayo ndiyo yaliyowaandaa madaktari kwa wanaanga ambao wangekaa juu miezi.

Imebaki safari moja, ya tarehe 22 Desemba 1960, ambayo jarida la kisayansi lingeihesabu kuwa imeshindwa. Mbwa wawili, Damka na Krasavka, walirushwa. Hatua ya tatu ya roketi ikazimika kabla ya wakati, na kichumba chao kikaangukia Siberia, pande za Tunguska, katika theluji nzito na baridi ya nyuzi 40 na zaidi chini ya sifuri. Ndani yake mlikuwa na kilipuzi kilichotegwa kulipuka baada ya saa 60, ili siri za chombo zisitoke iwapo hakingepatikana. Kikosi cha waokoaji kilipofika jua lilikuwa likizama, dirisha lilikuwa limefunikwa na barafu, na ndani hakukusikika kitu, hivyo Moscow ikapelekewa habari kwamba mbwa wamekufa. Asubuhi walipokifungua, kwa tahadhari kubwa kwa sababu ya kilipuzi, mlisikika kubweka. Mbwa walifunikwa kwa koti la ngozi ya kondoo, wakapakiwa kwenye ndege.

Oleg Gazenko alikuwa mmoja wa madaktari waliomfundisha Laika. Ndiye aliyepigwa picha mwezi Agosti 1960 akiwainua Belka na Strelka juu ya kichwa chake mbele ya waandishi wa habari, kwa furaha ya mtu aliyeshinda. Mwaka 1998, akiwa mzee, alisema hadharani kwamba kadiri miaka ilivyopita ndivyo majuto yake juu ya Laika yalivyozidi, na kwamba yale waliyojifunza katika safari ile hayakutosha kuhalalisha kifo cha mbwa huyo. Miaka kumi baadaye, tarehe 11 Aprili 2008, Laika alisimamishiwa sanamu mjini Moscow, karibu na taasisi ya kijeshi iliyoandaa safari yake. Gazenko hakuiona, alikuwa amefariki mwaka 2007. Krasavka, yule wa Siberia, hakurushwa tena. Gazenko alimwomba, akampeleka nyumbani kwa familia yake, na mbwa huyo akaishi naye miaka 14.